Seli za Sumaku na Mguu wa Baba

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo huko? Kikohozi cha wifi kimemwachia? Na watoto wanaendeleaje na masomo? Sisi tunaamka na tunalala, tunamshukuru Mungu, ila uchovu umehamia humu ndani kama mpangaji asiyetaka kuondoka.

Najua Mama alikwambia kwa simu kwamba Baba amekatwa mguu, na najua ulivyokasirika. Ulimwambia tumekuwa na haraka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tungebishana, na nguvu za kubishana sina.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Neno lako lilikuwepo, Kaka, kila jioni ulipompigia Baba simu. Daktari alisema damu haifiki tena mguuni na kidonda kinapanda. Baba akajibu, "Mwanangu mkubwa ameniambia nisubiri. Mdogo wake anatengeneza mishipa." Nikamweleza mara ngapi sijui kwamba kazi yangu bado si tiba. Akaniona najishusha tu.

Ngoja nikueleze ninachofanya, maana nahisi hata wewe sijawahi kukueleza vizuri. Tunachukua seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, tunazibembeleza mpaka ziwe seli za mishipa ya damu. Kisha tunazilisha punje za chuma, ndogo kiasi kwamba seli inazimeza bila kujua. Zikiwa na chuma tumboni, sumaku inaweza kuzishika mahali palipoziba, damu isizizoe, na picha za hospitali zinaonyesha zilikokwenda. Chuma kikizidi, zinakufa. Kikipungua, sumaku haizioni. Na hazijui Jumapili wala sikukuu. Zikikosa chakula, kazi yote imekwisha. Ndiyo maana nikija kwako nasinzia mezani.

Mguu ulipoanza kunuka nilimwomba bosi wangu ruhusa, nikamleta Baba maabara kwa kiti cha magurudumu. Nikamvisha koti jeupe, likambana tumboni. Nikaweka sumaku ubavuni mwa kichupa, na zile seli zikasogea taratibu, zikajikusanya upande ule kama doa la kutu. Baba alitazama kwa muda mrefu.

"Hizi ndizo zangu?"

"Hapana, Baba. Zimetoka kwenye ngozi ya mtu nisiyemjua."

"Zimeshatiwa kwenye mguu wa nani?"

"Wa panya."

"Akapona?"

"Wengine walipona."

"Na watu je, lini?"

Nikamwambia, "Sijui. Labda nikiwa na umri wako."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Kumbe miezi yote hii nimesimama kwenye foleni ya panya." Akavua koti, akalikunja vizuri, akanirudishia. "Haya, mama, nipeleke kwa hao wenye kisu."

Hakuna aliyemlazimisha. Nataka ulijue hilo kabla ya lingine lolote.

Walimkata Jumatano, mguu wa kushoto, chini ya goti. Daktari anasema tungechelewa kidogo, goti nalo lingeondoka, na pengine Baba mwenyewe. Kidonda ni kisafi. Siku mbili za kwanza hakutaka kuongea na mtu; alielekea ukutani. Mama alikaa naye asubuhi, mimi mchana nikitoka kulisha seli.

Jana mchana usingizi ulinibeba pale pale kwenye kiti, kichwa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nilizinduliwa na kelele za kigari cha dawa, na juu yake sauti ya Baba, ya ukali kama ya zamani, ikimkemea muuguzi: "Taratibu, bwana! Huoni mtoto amelala?" Shuka lake lilikuwa mabegani mwangu. Sikufumbua macho, Kaka. Nina miaka arobaini na moja, nikajifanya bado nimelala ili aendelee kunilinda kidogo.

Basi mpigie. Usimwambie habari za mishipa, wala usiniombee msamaha kwake, sijakosa na wewe hukukosa. Ulitaka baba yako abaki mzima. Muulize tu timu yake imefungwa ngapi. Na ukiweza, njoo. Kumwinua kunahitaji watu wawili, na mgongo wa Mama umeshakataa.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na mwambie yule mdogo kwamba babu bado ana goti moja la kumpandisha na jingine la akiba. Mama anakusalimu na kukuombea. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata nikiwa hoi,

Kitindamimba