Karatasi ya Mwaka wa Kwanza

Mwalimu,

Nimetoka ofisi za serikali kule Ibanda sasa hivi, viatu vimejaa matope, na nimekaa mezani pako nikuandikie kabla hasira haijapoa. Hii ni mara ya nne tangu tulipokuzika nasimama mbele ya dirisha la karani. Nyumba imenyamaza mno. Bado nasonga ugali wa watu wawili, kesho yake naula baridi. Nimekosa hata mtu wa kumgombeza, na wewe unajua nilivyopenda kukugombeza.

Basi nianze na wewe, maana kosa ni lako.

Unakumbuka ile sheria mpya uliyonisomea mwezi ule kikohozi kilipoanza? Kwamba sisi weusi nasi, hata walimu wa shule za misheni, tutapata pansiyo, malipo ya uzeeni, na mwalimu akifa mjane wake apewe sehemu. Ulisoma mpaka chai ikapoa. Wenzako walikuwa wakinung'unika kwamba wa shule za serikali wanapewa zaidi, "tunafundisha A ileile moja, mushahara mbili," na wewe ukawaambia, "Muache. Siku moja nitakaa mu kiti tu, na serikali italisha mimi." Hukukaa. Kikohozi kilikuwa na haraka kuliko serikali.

Sasa sheria ipo, na inataka karatasi. Miaka yako ya hapa Kadutu Padri Mkuu ameiandika yote na kupiga muhuri. Shida ni miaka ya Idjwi, kule kisiwani ulikoanzia kazi. Karani ni kijana mwenye adabu, alinieleza pole pole: "Maman, kazi bila karatasi haiko kazi. Leta rejista za masomo." Nusura nicheke palepale dirishani. Ningemwambia nini? Kwamba mume wangu alizikata kwa kisu cha kumenyea viazi?

Maana ndivyo ulivyofanya. Kila mwaka ulipokwisha, rejista ilitoka kwenye kabati ya shule ikawa karatasi za watoto. Upande mmoja majina yao na alama zako za waliokuja na wasiokuja, juu yake mwezi, mwaka na sahihi yako. Upande wa pili mweupe, mtoto aandike hesabu zake. Nilikugombeza tangu tulipooana. Je, wakiziuliza? Ukanijibu, "Nabintu, majina ya watoto iko mu kichwa yangu. Kaye njo haiko." Na kweli kaye, yaani madaftari, hazikuwepo. Boti ya misheni ilileta chumvi na divai ya misa, madaftari ya watoto kila mara yalisahauliwa. Lakini kichwa chako tumekizika, Mwalimu, na majina yote yamo humo.

Basi nikavuka ziwa, mimi ninayetapika hata maji yakitulia, nikaenda kuwatafuta wanafunzi wako. Ni watu wazima sasa, wengine wana mvi. Karatasi nilizipata. Moja ilikuwa ndani ya kitabu cha sala, nyingine imebandikwa ukutani juu ya kitanda. Cirhuza, yule uliyemwita Kichwa Jiwe, aliitoa yake kwenye sanduku la nguo za ubatizo wa mwanawe. Akanionyesha hesabu zake upande wa pili. "Maman, hii njo siku nilipata zote." Nikamwambia ukweli, kwamba zinapelekwa Léopoldville, kwa serikali kuu, na hazirudi. Kisha akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Basi iende." Nilipogeuka njiani alikuwa angali amesimama mlangoni akitazama kikapu changu. Nilimwonea haya.

Leo karani amezipanga mwaka kwa mwaka juu ya meza, ametafuta, amehesabu tena. Mwaka mmoja haupo, ule wa kwanza. Bila huo miaka yako haitoshi, na mimi sipati kitu.

Nikikosa, unajua kinachonisubiri. Nyumba hii ni ya misheni, Padri amenipa mpaka likizo, mwalimu mpya anaitaka. (Anapiga fimbo sana huyo. Nawasikia watoto wa darasa lako kutoka hapa.) Na ndugu yako hachoki. Kila Jumapili anashuka na kikapu cha maharagwe na neno lile lile: "Muke ya ndugu yangu haiwezi kukaa mu muji peke yake." Anataka anirithi, anipeleke mlimani kwake niwe mke wa tatu. Kwa pansiyo ningepanga chumba kimoja Cimpunda, niuze maandazi, niwe karibu na kaburi lako.

Sasa nikuambie nililomficha karani. Mwaka ule wa kwanza upo. Umo katika sanduku langu, chini ya kikwembe, kitenge changu cha harusi.

Umesahau? Tulikuwa hatujamaliza hata mwezi pamoja. Uliniambia mke wa mwalimu hawezi kuweka kidole gumba kwenye karatasi. Ukachukua ukurasa wa rejista, ukanigeuzia upande mweupe, ukanishika mkono nikaandika NABINTU mistari sita. N zangu zote zilitazama nyuma. Ukatoa kalamu nyekundu ukaniwekea saba juu ya kumi, kama mtoto yeyote wa darasa lako, nikakununia siku mbili. Mungu hakutuachia mtoto. Picha hatukupiga. Kitu pekee chenye mkono wako na mkono wangu pamoja ni hicho, na mara nne nimesimama dirishani nikisema sina.

Nimelia sana leo njiani, watu wa Kadutu wameniona, waseme wanavyotaka. Nilikuwa namfikiria Cirhuza na mikono yake miwili. Yeye alitoa siku yake kwa ajili yangu, na mimi naficha yangu.

Kesho naipeleka. Nakuahidi. Nitaitoa kwenye sanduku, nitamwekea karani mezani, wala sitaomba anirudishie. Na ndugu yako akija Jumapili atakunywa chai, atarudi mlimani na maharagwe yake.

Lala salama, mume wangu. Barua hii nitaiweka chini ya kikwembe, pale ilipokuwa ile karatasi. Nimeisoma tena tangu juu mpaka hapa na nimezitazama N zangu zote. Hakuna hata moja inayotazama nyuma. Kama huko una kalamu yako nyekundu, ile saba uifute.

Mkeo,
Nabintu