Uso wa Shujaa

2 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu tele. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kuibeba nchi hii. Usicheke! Bila mimi taifa lisingekuwa na uso. Mkoloni alimnyonga marehemu baba yako bila hata kumpiga picha, kwa hiyo mchongaji wa ile sanamu ya uwanjani kwenu alinijia mimi, mdogo wake. Nikamweleza pua, paji, masharubu, mpaka akatoa machozi. Jana jambazi, leo mawaziri wanamvulia kofia! Siku ya uzinduzi simama kando yake, wakuone.

Baba yako mdogo

19 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Pole na mgongo. Mimi mzima wa mwili tu. Kila nikitoka kiwandani kushona, hupita uwanjani kumsalimia baba ambaye sikuwahi kumwona. Juzi ofisi ya sherehe iliniita. Karani akanitazama, akaitazama picha ya sanamu, akacheka: "Dada, wewe na shujaa hamfanani hata kucha!" Wamenifuta kwenye orodha ya familia ya shujaa. Kiwandani wananong'ona kwamba mama alichepuka. Mama hayupo nimuulize. Mimi ni mtoto wa nani?

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Habari za cherehani? Huyo karani ni nani mbele yangu? Mimi niliyeruka ukuta wa gereza na baba yako mgongoni, kabla hawajamkamata tena! Nikija hapo atajificha chini ya meza. Watu wana midomo tu, wapuuze.

Baba yako mdogo

30 Mei

Mwanangu,

Hali yako sijui, maana barua zangu hujibu. Redioni nimesikia sherehe imepita, na mwanamke mwingine akaitwa binti wa shujaa. Shoga yako ananiambia siku hizi unazungukia nyuma ya soko, uwanjani hupiti.

Basi sikia. Baba yako alikuwa na uso mwembamba, macho kama ya usingizi, kidevu chenye kishimo. Ukimtaka, shika kioo. Ulipozaliwa niliogopa kukupakata, ulivyomfanana.

Mchongaji alitaka ndugu wa kumtazama. Ningekutaja wewe. Lakini nikawaza, nchi nzima itanitazama mimi! Nikakaa kutwa, kidevu juu. Uliyekuwa ukimsalimia ni mimi.

Na masharubu yale, mwanangu, hayajawahi kuniota. Nilijichora kwa masizi ya chungu.

Baba yako mdogo