Kabla Hujamvisha Kofia ya Nyaya

Kambale, mume wangu mpenzi,

Tuna wiki tano za ndoa, na ni siku nne tu tangu uende Beni na mashine yako ya kupima mawimbi ya ubongo, lakini tayari nazungumza na shati lako kwenye kamba. Jirani amenisikia akacheka: "Bibi-arusi, ule bwana atarudi! Hapana maliza maneno yote kwa shati." Basi nimekaa nikuandikie.

Unakumbuka ulivyoniteka? Wengine waliniletea biskuti. Wewe ulinikalisha kwenye kiti cha kituo cha afya saa ya mapumziko, ukanipangusa paji la uso kwa pamba, ukanibandika nyaya kichwani moja moja, ukiniomba ruhusa kila mara. Nikakuuliza, "Donc, basi, hii mashini inaweza kuona kama mutu iko anapenda mwengine?" Ukajibu bila kucheka, "Hapana. Inaona tu kama umefunga macho." Nikafunga. Ukasema mawimbi makubwa yametokea, mazuri, yanakwenda sawasawa. Nikafungua niyaone, yakapotea! Nikafunga tena, nikafungua upesi ili niyakamate, mara tatu, mpaka ukashika tumbo kwa kicheko. Mwishowe uliniandikia karatasi nzima ya mawimbi hayo, na mimi ninayo ndani ya Biblia yangu, kama wengine wanavyotunza picha.

Tangu hapo sikukuacha upumue kwa maswali. Ukanisimulia habari za yule daktari Mjerumani wa magonjwa ya akili ambaye, karibu miaka mia iliyopita, alitega nyaya juu ya vichwa vya watu, hata cha mtoto wake mwenyewe, akakuta umeme mdogo wa ubongo unaojiandika kama mawimbi kwenye karatasi. Alikaa miaka na karatasi zake kabla ya kuthubutu kusema, na aliposema, wengi hawakuamini. Alikuwa anaitafuta roho ya mtu, ukaniambia, na waliofaidika kwanza ni wenye kifafa, kwa sababu mawimbi yao yalionekana yamechongoka kama meno ya msumeno. Nikauliza, "Na bale banasikia sauti za batu habaonekane?" Ukasema madaktari walitafuta alama moja ya ugonjwa huo kwa miaka na miaka, na alama inayotosha kumhukumu mtu mmoja hawajaipata mpaka leo.

Kisha ukanieleza lile jaribio la milio miwili. Unampigia mtu mlio mmoja, halafu wa pili upesi. Ubongo wa wengi huushtukia wa kwanza na kuupuuza wa pili, lakini kwa wengi wa wale wanaosikia sauti, wa pili nao hupokelewa kama mgeni mpya. Uligonga meza kwa kijiko, ko, ko. Mimi nikainama kukoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. Akilini nilikuwa namwona mtu anayegeuka kila mfuniko wa sufuria unapoanguka, kila mfuniko, hata wa kumi.

Mtu huyo ni mama yangu, Kambale. Yuko hai, ingawa mlidhani alikwisha kufa.

Wazee wako walipokuja kwetu Bulengera kuuliza ukoo, mjomba wako alisema wazi, "Tunaomba mutuambie bila haya. Kwenu kuko kifafa? Kuko mutu wa wazimu?" Baba mdogo akajibu, "Kwetu hapana." Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani mkononi. Niliweza kutoka. Sikutoka, kwa sababu nilikupenda mno. Mke wa baba mdogo, aliyenilea, akakaa mahali pa mama. Na wewe, mpenzi, siku ya mahari ulimpisha njia kwa heshima mpaka ukatumbukia kwenye mfereji na viatu vipya! Tulicheka wote. Mimi nilicheka huku moyo ukinisuta, maana ulikuwa umemheshimu asiyekuwa mwenyewe.

Asubuhi hii nyanya amenipigia simu kutoka Bungulu, hapo hapo Beni ulipo, anakoishi na mama. "Bamemuandika mama yako Masika kwa ile mashini ya kichwa. Kesho. Eti fundi anatoka huko kwenu Butembo. Si bwana yako?" Nikasema ndiye. "Sasa atamushika kichwa namna gani? Mukwe?"

Kwetu mume hampi mama mkwe hata mkono, na kesho, bila kujua, ungempangusa paji la uso na kumpapasa nywele. Nimeshika simu mara nyingi, nikairudisha mezani. Kwa hiyo barua hii inakuja na dereva wa kituo, na iko wazi, haina bahasha. Akitaka kuisoma, aisome.

Nakuomba hivi. Mama Masika akifika, simama mbali, mwamkie, umwambie wewe ni mume wa nani. Halafu muuguzi wa kike ambandike nyaya, wewe ukae kwenye kioo cha mashine yako. Kama mama mwenyewe atakuita usogee, hiyo ni ruhusa yake, siyo yangu.

Uliniambia kuna watu walioitwa wazimu miaka mingi, kumbe kilikuwa kifafa kilichojificha, na dawa ikawasaidia. Natamani sana uyaone yale meno ya msumeno. Ona mke wako anavyoombea mama yake kifafa! Lakini kama karatasi itanyamaza, bado ataendelea kusikia anachosikia, na bado atakuwa mama yangu. Kwa wazee wako nitakwenda mwenyewe Jumapili baada ya ibada, niseme kwa mdomo wangu. Kama watakasirika, wanayo haki.

Na wewe, ukikasirika, rudi na hasira yako, nitaipokea. Chumba cha nyuma nimekwisha kukifagia, na sasa hivi naweka kitanda. Mwulize mama kama angependa kuja kukaa nasi.

Dereva anapiga honi.

Mke wako,
binti ya Masika wa Bungulu