Pipa la Maganda ya Machungwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wale mapacha watundu. Mgongo unaendeleaje? Umeacha kuinamia cherehani kutwa nzima, au bado ni ule ubishi wako? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi, kwa hiyo ujue ni mzima. Mimi pia ni mzima, ukiondoa jambo moja ambalo nitalifikia huko chini. Tafadhali usianze kusoma kutoka mwisho, nakujua.

Nakuandikia kukusimulia tamasha la bia. Safari hii walikusanyika watengenezaji wadogo wa mkoa mzima, si wenye viwanda, wale wanaopika kidogo kidogo majumbani na vibandani, na kundi letu likapewa meza. Unatujua: Fundi Bomba, mwenye gereji tunamopikia na mabomba yote, Nesi, anayesugua mapipa utadhani yanaingia chumba cha upasuaji, na mimi mwoka mikate, ambaye kazi yangu ni kunusa. Hakuna pipa linalofunguliwa bila mimi kuliinamia na kusema tayari. Wewe ndiye uliyenibatiza Pua tulipokuwa wadogo, siku ile niliposikia harufu ya waya unaungua ukutani kabla hata moshi haujatoka, na jina hilo ndilo lililonipa nafasi kundini. Basi nikuambie ukweli, asubuhi ya tamasha niliogopa kwamba nitarudi nyumbani sina tena nafasi hiyo. Sababu nitakupa. Ngoja kwanza nifurahi kidogo.

Lo, Dada, ungekuwepo! Walifungua uwanja wa nyuma ya ghala kuukuu, mahema yamepangwa safu mbili, bendi ya matarumbeta jukwaani, na kila aliyeingia alivishwa bangili ya karatasi na kutundikiwa kibilauri shingoni kwa kamba. Fundi Bomba alipiga pasi ovaroli lake mpaka mikunjo ikasimama. Nilimwambia amependeza kama bwana harusi, akasema hata siku ya harusi yake hakupiga pasi. Jirani zetu walikuwa akina mama wawili wa maktaba, wameleta bia ya asali, wapole ajabu mpaka mtu aegemee meza yao.

Ya kwetu ilikuwa ya maganda ya machungwa. Watu wakinywa funda la kwanza wanaangalia kibilauri, kisha wanaenda kuwaita wenzao. Mstari ukarefuka hadi mbele ya meza ya wale wa maktaba, wakaja kutugombeza kwamba tunawazibia njia, na kabla hawajamaliza kugomba nao wakajipanga. Kuna mzee mmoja mstaafu alikuja na kofia ya kijani, akarudi bila kofia, akarudi tena amevaa miwani ya mke wake, eti tusimtambue. Nesi alimmiminia kibilauri cha maji, akamwambia hicho ni cha mwenye miwani. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya hema.

Katikati ya raha hiyo akaja mwonjaji mkuu, yule anayetoa kombe la bia bora, mama mrefu, penseli imechomekwa kwenye nywele. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena. Akauliza nani ndiye pua ya kundi hili. Watu wote wakaninyooshea kidole mimi. Akaniambia chungwa analisikia vizuri, lakini chini yake kuna harufu nyingine inayomsumbua, ni nini hiyo?

Sasa ndipo tulipofika pale nilipokuambia usipakimbilie. Tangu yale mafua makali yaliyonilaza kitandani, nilikuwa sisikii harufu yoyote. Si mkate, si sabuni, si mvua. Kazini nimeunguza mikate trei kwa trei nikaisingizia oveni, na siku hizi naoka kwa saa ya mlio. Mama hakujua. Sikumwambia mtu, maana Pua asiyenusa ni nani huyo? Siku ya kuweka maganda niliinama juu ya pipa nisisikie kitu, nikaongeza konzi moja, nikainama, bado hakuna kitu, nikaongeza nyingine. Kisha nikanyanyuka nikasema tayari.

Basi niko pale mbele ya yule mama, na kabla sijafungua kinywa Fundi Bomba akapaliwa. Alikohoa kikohozi cha kutisha hadi mpiga ngoma wa bendi akapoteza mapigo. Nesi hakumtazama hata kidogo, yeye muuguzi! Alinikanyaga mguu, akamjibu mwonjaji kwamba kile anachokisikia ni maganda ya mikate iliyoungua kidogo, inatoka kwenye oveni yangu, tuliichemsha pamoja na kimea. Ni kweli, ile mikate niliyoiunguza Fundi aliiomba yote, nami nikadhani anawapelekea kuku. Yule mama akacheka, akaandika, akanyoosha kibilauri aongezewe.

Nikawavuta nyuma ya hema nikawauliza wamejua lini. Nesi akasema zamani tu, tangu siku makapi ya kimea yalipooza yakanuka kwenye ndoo pale gereji, wao wakakimbilia nje wamejiziba kwa mashati, na mimi nimekaa kando ya ndoo natafuna mkate napiga mluzi. Aliniona pia nilipokuwa nikizidisha maganda. Alitaka kunizuia, Fundi akamwambia aniache. Walikuwa wamekubaliana kwamba hata bia ikitoka na ladha ya dawa ya kung'arishia sakafu, wataileta na tutasimama mezani sote watatu, lakini mimi siondoki. Walikuwa wananisubiri tu niseme mwenyewe.

Nililia, Dada, mtu mzima na bangili ya karatasi mkononi. Fundi akanikemea nisogee mbali na pipa, machozi yana chumvi.

Kombe lilichukuliwa na wale wa maktaba, na kwa haki. Lakini pipa letu ndilo lililokauka kwanza kuliko yote, na yule mstaafu alikuja kuliambia pole huku akiligongagonga.

Nesi ndiye aliyeendesha gari kurudi, kwa kuwa alikunywa maji ya matunda tu siku nzima. Fundi Bomba akavua viatu vyake vya kazi, akanyoosha miguu. Kidogo kidogo nikasikia kitu. Nikadhani najidanganya. Nikasikia tena. Yalaaa! Nilipiga kelele hadi Nesi akasimamisha gari pembeni. Nikamwambia Fundi ananuka, ananuka vibaya, soksi zake ni msiba, na huku nimemkumbatia. Kwanza alikasirika. Alipoelewa, alivua soksi moja akaniwekea usoni, na yeye ndiye aliyelia safari hii.

Nesi anasema huenda itarudi kidogo kidogo, na ameahidi kunishika mkono anipeleke kwa daktari wiki ijayo. Mpaka sasa zimerudi soksi, na leo asubuhi ile dawa ya kuchua ya Mama. Nimeshamwambia. Amenipa karipio, kisha ameanza kuninusisha kila kitu kilichomo jikoni. Mkate bado. Chungwa bado.

Ndiyo sababu ndani ya kifurushi hiki utakuta chupa niliyoificha kabla pipa halijaisha. Ifungue taratibu, inuse kwanza. Usiniandikie kwamba ni tamu, hilo nimeambiwa na mkoa mzima. Niandikie inanukia nini, maana nimeitengeneza kwa mikono yangu na mpaka leo sijaisikia.

Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Fundi na Nesi wanakusalimu pia. Wabusu mapacha, na mwambie shemeji asiiguse chupa kabla yako.

Ni mimi mdogo wako, na jina ni lilelile,

Pua