Bosi Kaitwa Kupimwa Macho

Shoga, uko wapi?

Leo bosi kaita kikao cha kliniki nzima ili ajisifu. Eti sasa kila mgonjwa ana namba ya simu kwenye kompyuta, asilimia mia. Akabonyeza kuwatumia wote ujumbe, tuone.

Simu yake ikalia. Ikalia tena. Ikawa inatambaa mezani kama kombamwiko.

Akausoma kwa sauti, maskini: "Ndugu mgonjwa, ni wakati wa kupimwa macho." Wa pili vilevile. Wa kumi vilevile.

Unakumbuka nilivyomwomba aturuhusu kuandika "hana simu"? Akasema huo ni uvivu, akaifanya kompyuta igome kumwandikisha mgonjwa bila namba. Sasa bibi asiye na simu aandikweje?

"Nani kaweka namba yangu?"

Dada wa mapokezi akajibu kwa woga, "Mimi, bosi, kwa wasio na simu. Ndiyo iliyobandikwa ukutani, ya malalamiko."

"Kusanya vitu vyako."

Shoga, mimi ninayeogopa hata kuomba chumvi mezani, nikajikuta nimesimama. "Bosi, uliyemlazimisha ni wewe. Pa namba pakiachwa wazi, tutajua mgonjwa yupi wa kumuuliza akirudi. Namba ya uongo tutaijuaje?"

Simu ikalia tena.

Bosi akaitazama, akamwambia dada akae. Kisha akauliza polepole, "Jumbe zimebaki ngapi?"

Daktari wetu, bila hata kuinua kichwa: "Usihesabu. Njoo tu Jumatatu upimwe. Dada wa mapokezi atakuandikisha."