Mama Mkwe na Kibodi Yetu Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yangu haijavunjika kwa sababu ya kibodi. Nina kiduka cha kuchapa barua na kazi za wanafunzi, na ninafanya kazi na mama mkwe, ambaye alikuwa karani wa mashine ya taipu mpaka alipostaafu, na kompyuta ni moja tunapokezana, sasa mama anagandamiza kila kitufe kama anapiga muhuri, herufi zinajirudia, mteja anataka barua ya kuomba kazi anapewa "Mheshimiwaaaaa", na mimi nitaanzaje kumwambia mama aliyenipa mke kwamba vidole vyake ni vizito? Nikaingia kwenye mipangilio kimyakimya, nikaiambia kibodi isirudie herufi, na isikubali kitufe mpaka kishikiliwe kidogo, basi mama akanyooka, anachapa huku anaimba, lakini mimi mwenye vidole vyepesi ndiyo nimekwama, nikigusa haiandiki, nikaanza na mimi kutwanga, viganja vinaniuma, mke wangu akapita dukani akaniona, akasema, "Kama umemchoka mama yangu sema, usimalizie hasira kwenye mashine." Nimeendelea kutwanga, mke kaninunia, na mama, aliyesikia yote, ameanza kukunja nguo zake. Sitaki aondoke. Nifanyeje?

Mkwe wa Viganja Vinavyouma

Mkwe, viganja nakupa pole, kichwa sikipi. Umeona aibu kusema neno moja, ukaona afadhali ununiwe na nyumba nzima. Hiyo ni heshima ya wapi?

Fungua akaunti mbili kwenye hiyo kompyuta, ya mama na ya kwako. Ya mama iache hivyo hivyo. Kwako zima hiyo habari ya kushikilia kitufe, na kila mmoja akikaa aingie kwake. Halafu pandisha kiti, viwiko vilingane na meza, viganja vinyooke. Na leo hii, kabla mama hajafunga begi, mwambie mke wako akiwepo: "Mama, niliibadili mashine ikufae wewe, mimi ikanishinda." Ishia hapo.

Usiogope kwamba atakasirika. Juzi nimepata barua ya mama mmoja, imechapwa safi, hakuna herufi hata moja iliyojirudia. Anauliza amwambieje mkwewe, kijana mwenye adabu zake, kwamba anaitwanga kompyuta mpaka meza inatikisika, maana yeye anaona aibu kumsema. Nimemjibu angoje kwanza umalize kuongea, ndipo akucheke.