Baba, Siku Uliponiuliza Kuhusu Mguu Wangu

Shikamoo Baba, hapa kwetu Mlalo ulikolala,

Umeondoka siku nyingi, na kuna jambo sijamwambia mtu: bado naogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu hakuna aliyeijua hofu hii kama wewe.

Mwanzoni tulidhani nimeteguka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimetoka kubeba viazi shambani, goti likaanza kuuma. Mama akalikanda kwa maji ya moto, lakini uvimbe ukazidi kukua, mgumu kama jiwe. Ukanipeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuita pembeni, na uliporudi uso wako ulikuwa umebadilika.

Nyumbani ulisema ni ugonjwa wa mfupa, basi. Neno kansa nililisikia jikoni, Mama akimnong'oneza Bibi kwa Kishambaa, neno hilo moja tu likiwa geni katikati ya maneno yetu. Tangu hapo Mama akawa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti kila akipika, tusimsikie akilia. Wadogo zangu wakawa wananipisha nikipita, kana kwamba nitavunjika. Siku za kazi kwenye shamba la kijiji, mwenyekiti aliwaruhusu mbaki nyumbani, na wenzako wakaja wenyewe kupalilia viazi vyetu. Walikuwa hawatazami mlangoni nilipokaa. Hapo ndipo nilipojua wanadhani nitakufa.

Daktari alisema mguu ukatwe Dar es Salaam, upesi, kabla ugonjwa haujapanda kifuani. Baba mkubwa akaja, akasema msichana wa mguu mmoja ataolewa na nani, heri apelekwe kwanza kwa mganga. Bibi akamuunga mkono. Uliwasikiliza wote, kisha ukainuka, ukaja kukaa kitandani pangu.

"Mguu ni wako," ulisema. "Wewe unasemaje?"

Nikakuambia naogopa kukatwa, na kufa pia naogopa.

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivi."

Wanaume wa kwetu hawakuwa wakisema hivyo mbele ya watoto wao. Nikasema twende Dar.

Basi lilipoteremka kona zile za kwenda Mombo, kila lilipotikisika niliuma khanga nisipige kelele, nawe umeupakata mguu wangu magotini mwako. Siku niliyozinduka wodini nilitazama shuka ilivyolala bapa upande mmoja, nikataka kulia. Kisha nikakuona mlangoni, kofia mkononi, unaogopa kuingia. Ikabidi nikuite mimi.

Tukarudi nyumbani, lakini hofu haikubaki Dar. Kila nilipokwenda kupigwa picha ya kifua ulishindwa kula. Nikikohoa mezani, ulikuwa unarudisha tonge sahanini na kusubiri kama nitakohoa tena. Nikawa mwalimu, nikaolewa na mtu ambaye hakuuliza habari ya mguu, nikazaa, na bado ulikuwa unasubiri. Nilidhani ukiondoka hofu ile itaondoka nawe. Kumbe uliniachia. Sasa nawasikiliza wanangu wakilalamika goti au mgongo, nawashika, nawapapasa, na wao wanacheka wakisema mama yao ana wasiwasi. Siwalaumu. Hawakukuona pale mlangoni.

Siku yako ya mwisho, uzee umekuchosha, uliniomba nitembee kutoka kitandani kwako hadi dirishani. Nikaenda na magongo yangu, nikarudi. Ukasema, "Tena." Nikaenda tena, polepole zaidi, nikisikia macho yako mgongoni mwangu. Nilipogeuka ulikuwa umesinzia, na uso wako umetulia kuliko nilivyowahi kuuona tangu utoto wangu.

Pumzika, Baba. Huku baridi ni ileile, na mimi bado natembea.

Binti yako mkubwa